Nani Aliyasikia Maji ya Dobi?

Dukani, Jumatatu tarehe 3 Machi

Kibiriti mwanangu,

Salamu baadaye, kwanza hasira. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu imetumbukia kwenye beseni la sabuni, na sasa imelala ndani ya mchele kama mgonjwa. Barua hii anakuletea Kipara, dereva wa gari la vifurushi. Nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka uisome yote.

Leo asubuhi wamekuja watu wa Shirika la Maji, shirika lenu hilohilo. Wameongozwa na nyapara wao, mtu mrefu, mpole, anayezungumza kama aliyetumwa kuposa. Nyuma yake wanaume wawili wenye sururu. Akanionyesha ramani ya mtaa wetu kwenye simu yake, na juu ya paa langu pana alama nyekundu. Anasema maji ya mtaa mzima yanapotelea hapa kwangu. Ama bomba limepasuka chini ya sakafu, ama mimi nimejiunganishia maji kinyemela. Anataka kuvunja sakafu ya chumba cha kufulia ajionee.

Nikamuuliza nani kasema. Akasema mtandao umesema. Nikamuuliza huyo Mtandao ni mtoto wa nani, mbona simjui.

Sikuwafungulia. Nimeweka kiti mlangoni nikakaa, mikono kifuani, mpaka wakachoka wakaondoka. Lakini watarudi. Unaijua sakafu ile, marehemu baba yako ndiye aliyeimwaga zege. Wakiivunja nafunga duka. Nikifunga duka, nyumba ya wageni itapeleka mashuka yake kwingine, na mteja wa namna ile akishaondoka harudi. Kwa umri huu nitaanza nini tena? Nikauze karanga?

Wewe uko hukohuko makao makuu, kwenye ofisi zenye feni. Mtafute aliyeutengeneza huo mtandao, umwambie mimi sijaiba hata tone. Ukimpata mfokee kwa niaba yangu.

Jirani yangu Mama Pasi alikuwa dirishani kwake akiangalia sinema ya bure. Unajua hatusemezani tangu aliponinyang'anya kazi ya sare za shule. Alikuwa anacheka. Nilimwona.

Shangazi yako


Makao makuu, Alhamisi tarehe 6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole sana kwa usumbufu. Barua nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Kipara akinikodolea macho kama askari.

Nimeulizauliza ofisini. Wanasema mtandao ule umejaribiwa vizuri na haukosei ovyo. Vile vidude vya kijivu vilivyofungwa kwenye mabomba ya mtaa vinaitwa vihisi. Vinasikiliza maji yanavyopita, na yanapovuja vinatoa taarifa. Huenda bomba chini ya karo lako limechakaa bila wewe kujua. Kama ni hivyo, hakuna atakayekuita mwizi. Waruhusu wachimbe kidogo, shirika litarudishia sakafu. Ukiendelea kuwakatalia, kanuni inawaruhusu kukata maji ya nyumba yenye alama, na sitaki ufike huko.

Huyo aliyeutengeneza nitamtafuta. Ofisi ni kubwa na watu ni wengi.

Kula vizuri, usibebe vitu vizito.

Mwanao,
Kibiriti


Dukani, Jumanne tarehe 11 Machi

Wewe Kibiriti,

"Ofisi ni kubwa na watu ni wengi." Mwongo mkubwa wewe!

Ijumaa walikuja kukata maji. Nyapara akafunga mita yangu, akaizungushia waya, huku akiniomba radhi. Akasema, "Mama, hata sisi hatupendi. Tena huu mtandao kautengeneza kijana wa hapahapa, mtoto wa marehemu fundi zege. Walisema kalelewa na shangazi yake, dobi..." Akainua macho akasoma kibao cha duka langu. Masikini, alitaka ardhi immeze. Nilimwonea huruma, nikampa maji ya kunywa. Maji yenyewe ya chupa, maana ya bomba alikuwa amekwisha kunikatia.

Nimekufundisha kufunga vifungo vya shati. Nimekupeleka shule ukiwa umevaa shati lililopigwa pasi kuliko la mwalimu wako. Halafu unakaa mbele ya karatasi unaniambia utamtafuta! Ungejitafuta kwenye kioo.

Sasa sikiliza. Sijafunga duka. Nanunua maji ya madumu kwa mtu wa mkokoteni, na nafua. Jana nyapara kapita kuangalia kama nimelegea. Nikamwambia afungue ramani yake. Kafungua. Alama bado iko juu ya paa langu! Mita imefungwa kwa waya, mimi nafua kwa maji ya madumu, na vidude vyako vinasema bado navujisha. Navujisha kutoka wapi? Kwenye dumu? Nyapara mwenyewe alikuna kichwa mpaka kofia ikaanguka.

Simu imepona. Lakini sikupigii, na ukinipigia sipokei. Nikisikia sauti yako nitalegea, najijua. Andika.

Na nataka jibu la swali moja tu. Katika watu wote wa shirika lenu, nani aliyasikia maji yakivuja kwangu, kwa masikio yake mawili? Niletee huyo mtu nikae naye.

Shangazi


Makao makuu, Ijumaa tarehe 14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi. Mtandao ni wangu, toka kihisi cha kwanza hadi cha mwisho. Niliposoma barua yako ya kwanza niliona aibu, na aibu ikaniandikia jibu. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nielewe hivyo hivyo.

Swali lako limenikosesha raha siku nzima. Ngoja nikueleze, halafu utaona kwa nini.

Kila kihisi kina betri ndogo. Kama ningetaka kila kimoja kitume sauti yote inayopita bombani hadi huku ofisini, betri zingekufa upesi, na tungekuwa tunafukua mabomba kila mara kuzibadilisha. Kwa hiyo nikavifundisha kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Kila kihisi kina kielelezo, yaani mfano wa sauti ya maji yanayovuja, na kinalinganisha kinachokisikia na mfano huo. Kisha kinamnong'oneza jirani yake: mimi naona inafanana kiasi hiki, wewe je? Jirani naye anatoa lake, wanasogeleana, wanapelekeana mbele. Baada ya duru kadhaa mtaa mzima umekubaliana. Wakishakubaliana ndipo linakuja neno moja tu ofisini: mahali. Sauti yenyewe wanaitupa palepale.

Nilipigiwa makofi kwa jambo hili, Shangazi. Mkurugenzi alinisimamisha mbele ya wageni akasema, "Mtandao usio na mkubwa, hakuna wa kuhonga!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: hakuna. Hakuna mtu yeyote aliyesikia. Si mimi, si nyapara, si Mkurugenzi. Tumekukatia maji kwa sauti ambayo haipo tena.

Naweza kuviamuru vihisi vya mtaa wenu vinitumie sauti mbichi, nisikilize mwenyewe. Lakini kunakula betri, na Mkurugenzi amekataza. Jumatatu nitaomba ruhusa.

Mwanao


Dukani, Jumatatu tarehe 17 Machi

Kibiriti,

Marahaba. Nimesoma, nimeelewa, na nimefurahi umesema kweli. Lakini eti utaomba ruhusa? Mimi walinikatia maji bila kuniomba. Nani aliniomba ruhusa?

Yaani nimehukumiwa na vidude vinavyonong'onezana halafu vinatupa ushahidi. Hata wambea wa mtaa huu, ukiwabana, wanakwambia walimsikia nani. Vyako vinasema tu "tumekubaliana." Na mimi nasema sijakubali. Hilo nalo liandike huko kwenye kompyuta yako.

Bega linauma kwa madumu lakini silalamiki. Jana asubuhi nimefungua mlango wa nyuma nikakuta ndoo zimejaa maji, zimefunikwa vizuri kwa sinia. Nazijua zile ndoo. Zina mpini wa bluu, ni za Mama Pasi. Nimezitumia, nimezisugua zikang'aa, nimezirudisha mlangoni kwake. Leo zimekuja tena. Bado hatusemezani.

Sikiliza hizo sauti. Nimemaliza.

Shangazi


Makao makuu, Ijumaa tarehe 21 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo! Umetoka! Keti kwanza nikusimulie.

Niliomba ruhusa nikanyimwa. Nikarudi mezani, nikakaa, nikaviamsha vihisi bila ruhusa. Nilivaa visikizio kichwani mchana kweupe, wenzangu wakidhani nasikiliza mpira. Nikasikia mtaa wetu ulivyo chini ya ardhi: maji yakipita, mtu akifunga bomba, lori likikanyaga barabara. Na katikati ya hayo nikasikia mdundo. Pa, pa, kimya, pa. Pa, pa, kimya, pa. Shangazi, nilijua palepale. Ni wewe unapiga mashuka kwenye karo. Nimelala usingizi wa utoto wangu wote kwa mdundo huo.

Nikafungua kielelezo, ule mfano wa sauti ya uvujaji uliomo ndani ya kila kihisi. Mdundo ukawa umo humohumo.

Unakumbuka nilivyokuja likizo na vidude vyangu, nikakuomba nifungue bomba la karo kidogo tu, lichuruzike, nipate kurekodi? Ilinibidi nipate mfano wa maji yanayopotea, na nikaenda kwa mtu ambaye asingeninyima. Ukaniacha nifungue, lakini hukuacha kufua, kwa sababu mashuka yalikuwa yanasubiriwa. Mimi nikaona hakuna shida. Kwa hiyo vihisi vyangu vyote vimejifunza kwamba maji yanayovuja yana mdundo. Mahali popote penye mchuruziko wa kawaida bombani na mdundo wako karibu, vinakubaliana kwa furaha: ni hapa! Mita yako hata ikifungwa, mdundo unapita sakafuni unafika kwenye bomba la mtaa. Ndiyo maana alama haikuondoka ulipokuwa unafua kwa madumu.

Halafu nikasikia jambo jingine. Nje kabisa ya mtaa wenu, pale nyumba ya pampu ya shirika, kuna vihisi viwili kwenye bomba kubwa jipya. Sauti yake nusura ipasue visikizio. Shiii, bila kukoma. Hapo ndipo maji yanapomwagikia chini kwa chini, na vihisi vile vimekuwa vikijibu kila siku kwamba hakuna uvujaji, kwa sababu havisikii mtu akifua.

Nikampelekea Mkurugenzi. Akasikiliza, akainuka akafunga mlango. Bomba lile alilizindua yeye, utepe alikata yeye. Alinigombeza kwa betri, kwa ruhusa, kwa kila kitu. Mwisho akakubali jambo moja: nyumba yako iondolewe kwenye ramani. Nimeiondoa kwa mkono wangu. Jumatatu nyapara atakufungulia mita.

Alama imesogea mlango wa pili, kwa sababu kihisi cha pale ndicho kinachofuata kwa kusikia mdundo wako. Mkurugenzi amesema hilo tuliache kwanza. Muhimu ni kwamba wewe umetoka.

Mwanao mwenye furaha,
Kibiriti


Dukani, Jumanne tarehe 25 Machi

Kibiriti,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoona aibu. Sijapaona.

Mlango wa pili ni wa nani? Humjui? Ni wa Mama Pasi! Jana nyapara kaja na spana mkononi na waya begani. Spana ya kunifungulia mimi, waya wa kumfungia yeye. Nikamsikia anabisha kwake, anasema maneno yaleyale aliyoniambia mimi: ama bomba limepasuka, ama mama umejiunganishia. Naye Mama Pasi, ambaye mdomo wake ungeweza kukata kuni, amesimama pale anamsihi. Mwanamke yule anatumia pasi za mvuke. Bila maji amekwisha.

Nilitoka na mikono yenye povu. Nikamwambia nyapara, "Hiyo spana irudishe mfukoni."

Akasema, "Mama, wewe umesamehewa."

"Nimesamehewa kosa gani? Kama ya huyu inafungwa, na yangu ibaki imefungwa."

Mama Pasi akanigeukia. Neno la kwanza tangu enzi za zile sare. Akasema, "Usijifanye malaika hapa. Fungua maji yako ufanye kazi."

Nikamwambia, "Ndoo zako zinavuja, zote mbili."

Akasema, "Hazivuji!"

Nikamwambia, "Basi na bomba lako halivuji. Lete kiti."

Akaleta. Tukakaa kila mtu mlangoni kwake. Nyapara kafunga mita ya Mama Pasi kwa sababu katumwa, na yangu kaiacha na waya wake kwa sababu nimemkatalia. Sasa milango miwili haina maji, na ya kwangu ni kwa hiari yangu.

Wewe ulijua. Uliandika kwa mkono wako kwamba alama imesogea kwa sababu ya mdundo wangu. Yaani ulijua kwamba mama yule hana kosa, ukaona ni sawa, mradi shangazi yako katoka. Nilipokuwa nakulea sikukufundisha kunitoa mimi kwenye shimo halafu umtumbukize jirani. Inaniuma, Kibiriti. Nakwambia wazi, inaniuma kuliko sakafu.

Usiniandikie mpaka uwe na la maana.

Shangazi


Ofisi ya Mkurugenzi, Alhamisi tarehe 27 Machi

SIRI

Kwa Mhandisi wa Mtandao wa Vihisi

Yah: Cheti cha usahihi wa mtandao

Ofisi hii imepokea malalamiko kutoka mtaa husika kwamba wakazi wawili wanakataa kutoa ushirikiano. Ili kazi ya kuchimba iendelee chini ya ulinzi, unatakiwa kutia saini cheti kilichoambatishwa, kinachothibitisha kwamba mtandao uliutengeneza wewe, umeukagua, na kwamba alama zake ni sahihi. Kirudishwe mezani kwangu kabla ya saa za kazi kwisha kesho.

Unakumbushwa kwamba suala la bomba la nyumba ya pampu halimo katika majukumu yako. Aidha, huruhusiwi kubadilisha chochote kwenye vihisi bila kibali cha maandishi.

Ofisi inatambua mchango wako, na nafasi ya Mhandisi Mkuu bado haijajazwa.

Mkurugenzi


Makao makuu, Ijumaa tarehe 28 Machi

Kwa Mkurugenzi
Nakala: Dobi, Mama Pasi, Nyapara

Mheshimiwa,

Cheti chako nakirudisha kama kilivyokuja. Sikutia saini na sitatia.

Alama zile si sahihi. Nilikwambia kwa mdomo, leo nakuandikia. Vihisi nilivifundisha vibaya, kwa mfano wa sauti niliouchukua kwa dobi akiwa kazini, na tangu siku hiyo vinamtafuta dobi. Nilipomwondoa yeye kwenye ramani sikurekebisha kosa. Nililihamishia kwa mtu mwingine, na nikalifurahia kwa siku kadhaa. Hilo ni langu, sikusingizii.

Unataka kibali cha maandishi kabla sijabadilisha kitu. Umechelewa. Leo asubuhi nimekiambia kihisi cha mwisho wa mtaa kisahau kielelezo, na kimwambie jirani yake asahau, na jirani amwambie wa kwake. Adhuhuri ulinipigia ukaniamuru nisimamishe. Mheshimiwa, hakuna mahali pa kusimamishia. Hakuna kihisi kikubwa chenye swichi. Wewe mwenyewe ulilisifia hilo mbele ya wageni, wakapiga makofi. Ninapoandika, mtaa mzima umeshasahau. Kufikia jioni vitasahau vyote, na nakala niliyokuwa nayo mezani nimeifuta.

Mtandao sasa haumtuhumu mtu. Na kanuni yako, ile unayopenda kuisoma, inasema maji yanakatwa kwenye nyumba yenye alama. Ramani haina alama hata moja. Fungua maji ya watu.

Ukitaka alama mpya itabidi vihisi vifundishwe upya, na haviwezi kufundishwa kwenye mabomba makavu.

Naambatisha sauti ya nyumba ya pampu. Nimempa na nyapara. Isikilize, mlango ukiwa umefungwa kama ulivyozoea, au ukiwa wazi kama utaweza.

Ufunguo wa ofisi uko kwa mlinzi.

Aliyekuwa mhandisi wako


Dukani, Jumatano tarehe 2 Aprili

Kibiriti mwanangu,

Nakala yangu nimeipata. Mama Pasi naye kaipata yake, akaja kunisomea kwa sauti kana kwamba mimi sijui kusoma. Alipofika pale pa "nikalifurahia kwa siku kadhaa" alishusha karatasi. Akasema, "Huyu mtoto anajua kujichapa." Nikamwambia anajua, lakini mpaka achokozwe.

Nakupenda na bado nina hasira. Vyote viwili vipo, usichague kimoja. Kipara kaniambia alikuona ukitoka na boksi kifuani na shati halijapigwa pasi. Njoo nyumbani ule. Kazi itapatikana, na isipopatikana karo lipo. Lakini mshahara usiuulize.

Sasa nikupe habari za jana. Alikuja nyapara na wale wenye sururu, na safari hii wamefuatana na mhandisi mpya, aliyevaa tai shingoni. Mtaa wote ulitoka. Mhandisi akafungua ramani, akaitikisa simu, akaizima, akaiwasha. Nyeupe! Hakuna alama kwangu, hakuna kwa Mama Pasi, hakuna popote. Akampigia Mkurugenzi, wakazungumza kwa kunong'ona kama vidude vyako. Kisha akamwambia nyapara afungue maji. Nyapara alikuwa ameshaanza kufungua kabla hajaambiwa. Nilisema aanze na mita ya Mama Pasi, naye Mama Pasi akasema aanze na yangu. Tukabishana pale mpaka nyapara akaomba tumwonee huruma. Alianza na ya Mama Pasi. Maji yalikohoa kutu, yakatoa upepo, halafu yakaja meupe. Nililia kidogo. Sabuni iliniingia machoni, ndivyo nilivyowaambia.

Yule wa tai akaja kwangu taratibu. Eti anaomba bomba langu, afungue kidogo, vidude vijifunze upya. Nikamwambia mbele ya watu wote: mtaa huu hauazimi bomba tena. Mkitaka kuvifundisha, mtafanya mchana, na kila kinachosikika kitapigwa kwa spika hapa barabarani, mtu asikie anachotuhumiwa. Mama Pasi akasema na sauti zihifadhiwe, zisitupwe. Yule wa tai akasema betri. Watu wakamzomea. Akasema atalipeleka wazo letu juu. Nikamwambia hilo si wazo, hilo ndilo sharti.

Nyapara akasogea mbele. Alitoa simu yake mfukoni, akaongeza sauti mpaka mwisho, akabonyeza. Ikatoka ile ya nyumba ya pampu uliyompa. Shiii. Hata Mama Pasi, ambaye sikio lake la kushoto ni la pambo tu, aliisikia. Yule wa tai alisema izimwe. Nyapara akaiacha iendelee.

Ikaisha. Wale wanaume wamesimama na sururu zao, hawana pa kuziweka. Nyapara akavua kofia, akaniuliza kwa ule upole wake, lakini kwa sauti ya kutosha ili na wa tai asikie:

"Mama, sasa tuchimbe wapi?"

Nikamwambia, "Anzeni kwenu."

Wakageuza gari.

Shangazi yako,
Dobi